Mwaka wa Vidonge vya Mradi

Jumanne, 16 Januari 2024

Chaki imeanguka leo darasani, nikashindwa kuinama kuiokota. Nimesimama naiangalia kama mtu aliyeona nyoka. Watoto mia moja na nne wa darasa la tatu wananitazama. Nikawaambia wasome wenyewe ukurasa wa kumi na mbili. Kelele! Mwalimu mkuu, Method, akapita dirishani, akatazama, akaendelea na safari yake. Method akinyamaza ndiyo mbaya zaidi.

Miaka sita sasa nina hali hii ya kuumwa. Ilianza shingoni baada ya kumzaa Gati. Ikashuka mabegani, kiunoni, magotini, hadi kwenye nyayo. Siku nyingine hata mkanda wa sketi unauma. Nimepimwa malaria, taifodi, ugonjwa ule wa maziwa ya ng'ombe, damu, mkojo, picha ya mgongo — yote safi. Muuguzi mmoja wa Tarime mjini aliniambia, kwa upole kabisa: mwalimu, ungekuwa na ugonjwa tungeuona.

Mama mkwe anasema wanawake wa siku hizi wametengenezwa kwa ugali wa jana. Yeye alizaa tisa hapa hapa Nyanungu na siku ya nne yuko shambani.

Machage, mume wangu, hasemi hivyo. Machage anachota maji mwenyewe. Mwanaume wa Kikurya, na ndoo! Wenzake wanamcheka kisimani, wanamwita shemeji, kana kwamba yeye ndiye mke. Anarudi, anaitua, ananiuliza kama nimekunywa chai. Huwa sijui niangalie wapi.

Mhudumu wa afya wa kijiji amepita jioni. Anasema kuna daktari kutoka Mwanza, anatafuta watu wanaoumwa mwili mzima bila sababu. Utafiti. Nimemwambia hapo amenipata.


Alhamisi, 25 Januari

Nimelia mbele ya mwanaume nisiyemjua. Aibu. Hapana, si aibu.

Anaitwa Daktari Gidion. Ni mtaalamu wa viungo na baridi yabisi, mrefu, mwembamba, miwani imefungwa gundi upande mmoja. Hajui Kikurya, kwa hiyo muuguzi wake Joel anawatafsiria wamama. Mimi nilijibu mwenyewe. Aliuliza vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuniuliza. Ukiamka unajisikia umelala? Unasahau majina? Kelele zinakuumiza? Mtoto akikukumbatia, inauma?

Hapo kwenye mtoto ndipo nilipolia.

Akanibonyeza kwa kidole gumba. Shingo, bega, kiwiko, nyonga, goti. Anabonyeza kidogo tu, kama unavyobonyeza parachichi sokoni, na mimi naruka. Akaandika. Kisha akaweka kalamu chini, akasema mwili wangu haujaharibika popote, ila mishipa yangu ya fahamu inapeleka taarifa ya maumivu kupita kiasi. Kwamba vipimo havitaona, na bado inauma kweli. Ugonjwa una jina! Nimemwomba aniandikie kwenye karatasi: faibromayaljia. Gati amejaribu kulisoma nyumbani, amecheka mpaka amekaa chini.

Nikauliza dawa. Akasema ya kuondoa hakuna. Ya kupunguza ipo, kwa baadhi ya watu, na hicho ndicho anachopima. Watu sitini, wengine wa Machochwe na Natta huko Serengeti. Nusu watapata dawa, nusu watapata vidonge vya kufanana ambavyo ndani havina kitu. Yeye mwenyewe hajui nani kapata nini mpaka mwisho. Akanieleza mara mbili, akaniuliza kama nimeelewa.

Nilielewa. Nikatia sahihi. Moyoni nilijua Mungu hawezi kunipa kidonge kitupu baada ya miaka sita.


Jumatatu, 4 Machi

Nimelala usiku kucha. Nimeamka na jogoo na sikujua niko wapi.


Jumamosi, 23 Machi

Magoti mazuri. Mabega bado kidogo. Nimefua mashuka mawili! Machage amenikuta nayaanika, akaniuliza nani amekuja kufua. Nikamwambia, mgeni. Akazunguka nyumba kumtafuta. Tumecheka wote wawili — sikumbuki mara ya mwisho.


Jumapili, 21 Aprili

Nimeimba kanisani nikiwa nimesimama. Nyimbo tatu, na kupiga makofi.

Jana nimepalilia mahindi kutoka kwenye mkonge hadi kwenye kichuguu. Mama mkwe alikuwa mstari wa pili. Alinitazama weee, mwisho akasema: kumbe unaweza. Nikamjibu, dawa mama. Akasema hm.

Joel anakuja kila wiki mbili kuhesabu vidonge na kuuliza yale maswali. Maumivu kutoka sifuri hadi kumi, mwalimu? Zamani nilikuwa nasema nane, tisa. Leo nimesema tatu. Aliandika anatabasamu. Amesema hatakiwi kutabasamu, utafiti unakataza.


Ijumaa, 14 Juni

Vidonge vimeisha. Miezi minne imetimia. Joel amechukua kopo na vile viwili vilivyobaki, kwa sababu kila kimoja lazima kirudi. Nimemwomba aniachie. Hawezi.

Naiogopa kesho.


Jumatano, 17 Julai

Mwezi umepita na bado niko vizuri, karibu vizuri. Shingo inaniita asubuhi, lakini inaniita kwa upole. Method ameniona nabeba madaftari ya darasa zima. Amesema mwakani atanirudishia zamu.

Tumeitwa Mugumu, mjini Serengeti, mwezi ujao kupewa matokeo. Nimeshona gauni.


Jumanne, 13 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Gari la mradi lilitupitia saa kumi na moja alfajiri. Tulikuwa wanawake tisa na mzee mmoja. Njia nzima tunahadithiana maumivu kama watu wanaohadithiana wajukuu. Pembeni yangu alikaa Agustina wa Machochwe, mpana, mcheshi, anatandika vitanda kwenye kambi ya watalii. Alikuwa anatandika, anasema, siku hizi wanamwita siku mbili kwa wiki tu. Vitanda kumi na sita kwa siku, na kila godoro anaona anabeba maiti. Nikamwambia mimi nimepona kiasi. Akanishika mkono: wewe ulipata dawa, dada yangu. Mimi walinipa unga. Nimemeza miezi minne, hakuna hata siku moja.

Ukumbini daktari alionekana amechoka. Alisema amepima kwa uangalifu, na hatatudanganya: dawa na vidonge vitupu vimekaribiana sana. Tofauti ni ndogo mno. Watu wachache walipata nafuu kila upande, wengi hawakupata. Alisema hata hivyo ni maarifa. Yule mzee wa garini akauliza, maarifa hayo tutayapaka wapi? Watu walicheka. Daktari hakucheka.

Kisha kila mmoja akaitwa peke yake, apewe bahasha yake.

Agustina alitoka wa kwanza. Alikuwa amepewa dawa. Dawa yenyewe!

Nikajua kabla sijaingia.

Daktari alifungua karatasi, akasoma, akainua macho taratibu. Mwalimu, wewe ulikuwa kundi la pili. Nikauliza la pili ni lipi, ingawa nilisaini mwenyewe. Akasema vidonge vyako havikuwa na dawa. Akaongeza haraka: nafuu yako ilikuwa ya kweli, tunaijua hali hii, mwili unaweza, sikusikia vizuri hapo alisema nini. Nilikuwa natazama ile gundi kwenye miwani yake.

Nilimwambia asante daktari. Sijui kwa nini nilisema asante.

Kurudi, hakuna aliyehadithia kitu. Agustina alishuka Machochwe bila kuaga, kisha akarudi mbio dirishani, akanipa namba yake ya simu.

Shingo imeanza kuuma tulipovuka daraja la Mto Mara. Nasema ukweli kwenye karatasi hii, kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma: ilianza pale pale. Kama mtu aliyepewa ruhusa.


Jumatano, 14 Agosti

Nimemwambia Machage. Ningemwambia nani mwingine?

Alikuwa anakama. Nikasema vile vidonge vilikuwa vitupu. Hakuelewa. Nikarudia. Akasimama na chombo cha maziwa mkononi. Vitupu vipi? Havina kitu, nikasema, unga tu. Mimi nilidhani atakasirikia mradi.

Akasema: kwa hiyo ulipona kwa unga.

Nikasema nilipona, ndiyo, sijui kwa nini.

Akasema: miaka sita nimebeba ndoo, Mama Gati.

Hakupandisha sauti. Akarudi kukama.


Jumapili, 18 Agosti

Mama mkwe ameshajua. Kwa hiyo mashine ya kusaga imeshajua, na kanisa limeshajua. Leo baada ya ibada mama mmoja wa kwaya ameniuliza kama kweli nilitibiwa kwa unga, na ni unga wa nini — wa mahindi au wa muhogo? Wenzake waligeuka pembeni kucheka. Mama mkwe alikuwa amesimama pale. Akasema kwa sauti, watu wote wasikie: nilisema tangu mwanzo, ulikuwa uvivu. Uvivu unapona kwa chochote.

Nimetembea kurudi peke yangu. Saba. Kama Joel angeuliza, ningesema saba.


Jumatatu, 26 Agosti

Kiti changu cha darasani hakipo. Kile ambacho Method aliniruhusu miaka miwili iliyopita, nikae nikifundisha. Nimekikuta ofisini, amekikalia mgeni.

Method aliniita. Alikuwa na adabu sana. Amesema kuna malalamiko ya walimu wenzangu, kwamba wao wanasimama. Amesema ile barua ya Daktari Gidion niliyompa inaeleza utafiti, na utafiti umekwisha na yeye amesikia ulikwishaje. Zamu yangu inaanza wiki ijayo, na ule ukaguzi wa mistari ya watoto asubuhi. Nikamwambia maumivu yamerudi. Akasema, mwalimu, labda yatakusikia ukiyaambia yaondoke. Nadhani hakukusudia dhihaka. Hilo ndilo limeniuma.

Vipindi saba nimesimama. Cha mwisho nimeegemea ubao, mgongo wote chaki.


Alhamisi, 5 Septemba

Tisa. Siandiki.


Jumatatu, 9 Septemba

Gati amenikimbilia getini, amenikumbatia miguuni. Nimepiga kelele. Mtoto ameruka nyuma kama ameungua. Sasa ananisalimia akiwa ameweka mikono nyuma.

Nimejaribu mwenyewe. Nimekaa kitandani, nimefumba macho, nimejiambia: umepona, uliwahi kupona, pona. Nimeuambia mwili kila kitu ninachokijua. Nimesubiri mpaka chai ikapoa. Labda kweli naudanganya. Labda nilikuwa naudanganya ile miezi mizuri, au miaka sita yote. Sijui tena nimsadiki nani humu ndani.


Jumamosi, 21 Septemba

Daktari Gidion amekuja nyumbani! Nilimwandikia ujumbe wiki iliyopita, sikutegemea jibu. Kaja na Joel, viatu vyote vumbi. Amesema anataka kuzungumza na mume wangu kama mwanaume kwa mwanaume.

Nimepika chai ya maziwa na viazi vitamu. Machage amemkaribisha vizuri, amempa kiti chake mwenyewe. Mama mkwe alikaa chini karibu na mlango, anapukuchua mahindi, kama hasikilizi.

Daktari alieleza kila kitu upya. Ni ugonjwa wa kweli, si uvivu, si uongo, wala si kurogwa. Wanawake wengi wanao, na wengi hufa bila kujua jina lake. Wanaamka wamechoka kuliko walivyolala. Mwili unauma ukiguswa. Wanafanya kazi huku wanaumwa, wanapika huku wanaumwa. Na mtu anayepata nafuu kwa kidonge kitupu hajaigiza, ubongo wenyewe una uwezo wa kutuliza maumivu, wameona hivyo kwa watu wengi. Alizungumza taratibu, kwa Kiswahili chepesi. Joel alitafsiri kidogo kwa ajili ya mama. Mimi nilikaa natazama mikono yangu na nikaanza kutumaini kama mjinga.

Machage alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: daktari, mimi sijasoma sana, naomba kuuliza. Kama ule unga haukuwa na kitu, ni nini kilimtibu mke wangu?

Daktari akasema, mwili wake mwenyewe. Na matumaini aliyokuwa nayo.

Machage akasema: sawa. Mwili huo bado anao. Mbona haumtibu sasa?

Mahindi tu yanaanguka kwenye ungo. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, hatujui. Ningekuwa najua nisingekuja hapa mikono mitupu.

Machage akatikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyeshinda kesi ambayo hakutaka kuishinda. Akamshukuru daktari kwa safari. Akamfungia jogoo wa kuondoka naye.

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari. Nikamuuliza kama kuna utafiti mwingine. Akasema wafadhili wameona matokeo, hawaendelei. Ameandika maombi sehemu tatu. Nikamuuliza kama ataandika habari yangu. Akasema nimo tayari, namba arobaini na moja. Kisha akasema: samahani, mwalimu. Ameanza kuzeeka yule mtu, na mwezi Januari hakuwa hivyo.


Jumatatu, 7 Oktoba

Nimeamua. Siumwi kitu.

Wiki mbili sasa naamka saa kumi na moja, nachota maji kabla Machage hajaamka. Ndoo mbili. Nakaza meno na kuuma khanga njiani, mtu akinikuta nasema shikamoo, nasema salama. Shule nasimama. Shambani naandaa mashimo. Mtu akiniuliza unaendeleaje na ule mwili, nasema umekwisha, Mungu mkubwa.

Na nyumba imetulia! Machage anacheka tena. Jana amenunua sukari kilo mbili na akanitania mbele ya mama yake. Method amenisifu kwenye kikao, amesema ni mfano wa mtu anayejituma. Hakuna hata mmoja anayenikosesha raha. Ilikuwa rahisi hivi.

Nikiingia chooni ndipo ninapokaa. Dakika tano, mlango nimeufunga.

Agustina amepiga simu. Kambini wamemwambia asirudi. Anasema alimweleza bosi kwamba ana ugonjwa wenye jina, bosi akamwambia hata yeye ana jina. Alikuwa anacheka Agustina, halafu simu ikawa kimya na sikusikia kama amekata au analia.


Jumanne, 15 Oktoba

Joel ametuma ujumbe. Ofisi ya mradi imefungwa. Mafaili yamepelekwa Mwanza. Daktari amepata kazi Dar es Salaam, hospitali binafsi, ameondoka tangu Jumatano. Nimepiga ile namba yake. Haipatikani. Nimepiga tena, sijui nilitaka kumwambia nini.


Jumamosi, 19 Oktoba

Naandika haraka.

Machage ametoka mapema kwenda mnadani na ndama. Gati yuko kwa shangazi yake. Nilikuwa napepeta mtama uani, na kwa kuwa hakuna mtu, nilikuwa nimekaa vibaya, nimelalia upande, nauma meno. Sikumsikia mama mkwe akija. Nikaruka kusimama, nikasema shikamoo mama, nikachukua ungo. Akasema kwa Kikurya: kaa, usiniigizie mimi.

Nilijua nimekwisha.

Akakaa kwenye kigogo. Amevaa gauni la kanisani, lile la bluu, na viatu. Ameoga. Mkononi ana daftari lake la zahanati, amelifunga kwenye mfuko wa plastiki. Hakunitazama. Akasema: siku ile yule daktari alipokuja, alipokuwa anamweleza Machage, alikuwa ananisema mimi.

Sikuelewa. Nikasema, alikusema vipi mama?

Akasema tangu mtoto wa pili. Machage alikuwa hajazaliwa. Akasema aliamka siku moja na mwili wote kama umepondwa kinuni na haujawahi kuacha, hata leo, hata sasa akiwa amekaa hapa. Mwanzo alilala. Baba yake Machage akampiga mpaka akaamka. Basi akaamka. Akasema: nimeamka miaka arobaini na nne.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema: kwa nani?

Halafu akasema, mimi nakuona asubuhi unavyobeba zile ndoo. Ninavyobeba mimi ndivyo. Nilikuwa nakuchukia kwa sababu wewe ulisema.

Mikono yake ilikuwa juu ya lile daftari. Akasema anataka daktari amuulize yeye yale maswali, moja moja. Dawa kama haipo, haipo. Anataka tu kuulizwa na mtu anayeandika. Nipeleke leo, akasema, Machage hayupo, turudi kabla ya jioni. Ameshamwita wa pikipiki.

Ujumbe wa Joel sijamwonyesha mtu. Nikamwambia asubiri nibadili nguo.

Nimeingia chumbani, nimefunga mlango, nimekaa kitandani na daftari hili. Namwona dirishani. Hajaegemea kitu. Amekaa wima kabisa kama watu wanavyokaa wakipigwa picha. Pikipiki imefika, kijana anapiga honi, mama anamwonyesha kwa mkono atulie.

Ananiita. Mama Gati, jua linapanda.

Nimemwambia nakuja, mama. Bado sijafungua hata kifungo kimoja.